Uliza Vizuri, Jibu Vizuri: Mafundi wa Mashine Wanavyosaidiana

Mfugaji akienda kwa bwana mifugo na kusema, "Ng'ombe wangu anaumwa," bwana mifugo hawezi kumpa dawa hapo hapo. Atamwuliza kwanza. Ng'ombe ana umri gani? Ameanza kuumwa lini? Anakula? Anakunywa maji? Kinyesi chake kikoje? Mfugaji aliyemtazama ng'ombe wake vizuri atajibu maswali hayo, naye atasaidiwa upesi. Asiyemtazama atarudishwa nyumbani akamtazame.

Nataka nikueleze jinsi jambo hilo hilo linavyotokea katika kazi yangu. Mimi ni fundi wa kuchonga vyuma. Nafanya kazi katika karakana ndogo mjini Mwanza. Tunatengeneza vipuri vya mashine za kusaga, vya pampu za maji na vya injini za mitumbwi. Zamani kazi yetu ilitegemea mkono, jicho, tupa na kerezo. Vitu hivyo tunavyo hata leo. Lakini sasa tunayo pia mashine moja inayoongozwa na kompyuta. Mashine hiyo imenifundisha kuuliza, na imenifundisha kujibu. Wengi walionisaidia sijawahi kuwaona kwa macho.

Huenda wewe huna mashine ya namna hii. Lakini kijijini kwako kuna mashine ya kusaga, au pampu, au trekta. Siku kipuri kinapovunjika, wewe ndiye unayekosa unga au maji. Kwa hiyo habari hii inakuhusu.

MASHINE INAYOSOMA

Kwanza nikueleze mashine yenyewe.

Mashine hii ina meza. Juu ya meza tunafunga kipande cha chuma kwa jiliwa ili kisitikisike. Juu ya chuma kuna kisu kinachozunguka kwa kasi. Kisu hicho ndicho kinachokata. Kompyuta inaongoza mwendo wote. Kuna njia tatu za kwenda. Njia ya kulia na kushoto inaitwa X. Njia ya mbele na nyuma inaitwa Y. Njia ya juu na chini inaitwa Z.

Mkulima anayetaka kupanda kwa mistari hupigilia kigingi kwenye pembe ya shamba. Kutoka kwenye kigingi hicho anavuta kamba na kupima. Fundi naye hufanya vivyo hivyo. Anachagua pembe moja ya kipande cha chuma na kuiambia mashine, "Hapa ni sifuri." Vipimo vyote vinaanzia hapo.

Kisha mashine inasoma maagizo, mstari baada ya mstari. Maagizo mengi yanaanza kwa herufi G. G0 maana yake ni "nenda upesi bila kukata". G1 ni "kata kwa mstari ulionyooka". G2 ni "kata duara kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa". G3 ni "kata duara kwa upande wa pili". G21 inasema vipimo ni vya milimita. G20 inasema vipimo ni vya inchi. M3 inaanza kuzungusha kisu. M5 inakisimamisha.

Mashine hii inasoma, lakini haifikiri. Inchi moja ni milimita 25.4. Kama maagizo yameandikwa kwa milimita, na mashine ikayasoma kwa inchi, mwendo wa milimita 10 utakuwa mwendo wa milimita 254. Mtu angeshangaa na kuuliza. Mashine haishangai. Inatii tu. Kisu kitakata chuma, kitakata jiliwa, na kinaweza kuvunjika na kuruka usoni mwa mtu. Ndiyo sababu fundi huvaa miwani ya kukinga macho, na husimama karibu na kitufe chekundu cha kuzimia mashine.

NANI ANAANDIKA MAAGIZO?

Kitu rahisi kinaweza kuandikiwa maagizo kwa mkono. Lakini kitu chenye mipindo mingi kinahitaji maelfu ya mistari. Hakuna mtu mwenye subira ya kuyaandika yote. Kwa hiyo tunatumia programu ya kompyuta. Tunaipa mchoro wa kitu tunachotaka. Tunaieleza upana wa kisu na kina cha kukata. Nayo inapiga hesabu ya njia ambayo kisu kitapita.

Kazi haijaisha hapo. Mashine hazifanani. Mtu wa Unguja na mtu wa Lamu wote wanasema Kiswahili, lakini yapo maneno wanayotofautiana. Mashine nazo ziko hivyo. Zote zinasoma maagizo ya herufi G, lakini kila moja ina lahaja yake. Ndani ya programu kuna sehemu ya mwisho inayoandika maagizo kwa lahaja ya mashine husika. Sehemu hiyo sisi tunaiita mtafsiri. Matatizo mengi ninayoyaona hutokea kwa mtafsiri.

Ujuzi huu una umri wa miaka mingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwenye kiwanda mmoja wa Michigan, Marekani, aliyeitwa John Parsons, alitafuta njia ya kutengeneza vyombo vya ndege kwa kufuata namba. Mwaka 1952 wataalamu wa chuo cha MIT, nchini humo humo, walionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na namba. Maagizo yalikuwa kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Leo utepe huo hautumiki karakanani kwetu. Maagizo yanakaa ndani ya kompyuta.

Programu nyingi za kazi hii zinauzwa kwa fedha nyingi. Lakini zipo zinazotolewa bure. Mojawapo inaitwa LinuxCNC. Katika miaka ya 1990, Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilianza kutengeneza programu ya kuongoza mashine. Kazi hiyo ilitolewa kwa umma. Baadaye watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali waliiendeleza. Tangu mwaka 2011 inaitwa LinuxCNC. Nyingine inaitwa FreeCAD. Ilianza kutolewa mwaka 2002, na toleo lake namba 1.0 lilitoka mwezi Novemba 2024. Hiyo ni ya kuchora, na ina sehemu ya kuandaa kazi ya kuchonga.

Sisi tunatumia programu hizo mbili. Hatukuzinunua. Lakini kitu cha bure hakina duka la kurudisha malalamiko. Ukikwama, unawauliza wenzako. Wenzako hao wako duniani kote. Mnakutana kwa intaneti, mnaandikiana, na kila anayependa anaweza kusoma.

PAMPU ILIYOSIMAMA

Sasa nitakupa mfano mmoja.

Mwaka 2023 wananchi wa kijiji kimoja walituletea kipande cha aluminiamu kilichopasuka. Kilikuwa bamba la kuunganisha injini na pampu ya maji. Pampu ilikuwa imesimama siku tisa. Kina mama walikuwa wanachota maji bwawani, na ng'ombe walikuwa wanakunywa papo hapo. Bamba jipya halikupatikana madukani, kwa sababu pampu ile ilikuwa ya zamani.

Tulipima vipande vilivyopasuka. Bamba lilikuwa la mraba, milimita 200 kwa 200. Katikati lilikuwa na tundu kubwa la kipenyo cha milimita 90. Pembeni palikuwa na matundu sita ya bolti. Tulikuwa na aluminiamu moja tu ya kutosha. Tukichora vibaya, hakuna nyingine.

Mchoro ulikamilika. Maagizo yakaandikwa na programu. Lakini kabla ya kukata, kompyuta ya mashine huonyesha njia ambayo kisu kitapita. Tulipotazama, tuliona duara kubwa ajabu. Lilitoka nje ya bamba na kupita juu ya jiliwa. Hatukukata.

Kijana tunayefanya naye kazi aliwaandikia wenzetu wa intaneti hivi: "Mashine inachora duara kubwa. Tusaidieni haraka." Siku nzima ikapita. Akaja mtu mmoja tu, naye hakuwa na jibu. Alikuwa na maswali: Mnatumia programu gani? Toleo namba ngapi? Mashine inaongozwa na nini? Hebu tuonyesheni mistari ishirini ya kwanza ya maagizo. Duara lilitakiwa liwe na ukubwa gani, nanyi mnaona ukubwa gani?

Kijana alikasirika. Alisema, "Tumeomba msaada, nao wanatupa mtihani." Lakini maswali yale yalikuwa sawa na maswali ya bwana mifugo. Tukaketi pamoja, tukayajibu moja baada ya jingine. Tuliandika majina ya programu na namba za matoleo. Tukaweka mistari ya maagizo. Tukaweka picha ya bamba na picha ya duara lile.

Jibu lilikuja baada ya saa mbili. Lilitoka kwa fundi wa nchi ya Poland. Halikuzidi mistari minne.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Ukitaka kukata duara, lazima umwambie mtu kitovu cha duara kiko wapi. Zipo njia mbili za kusema. Unaweza kusema, "Kitovu kiko hatua kumi kutoka hapo uliposimama." Au unaweza kusema, "Kitovu kiko hatua kumi kutoka kwenye kigingi cha pembeni." Njia zote mbili ni sawa. Lakini anayesema na anayesikia lazima wakubaliane.

Kisu chetu kilikuwa na upana wa milimita 10. Ili kitoe tundu la milimita 90, kilitakiwa kizunguke kwenye duara ambalo kitovu chake kiko milimita 40 kutoka kilipo kisu. Kitovu kilikuwa katikati ya bamba, yaani milimita 100 kwa 100 kutoka kwenye kigingi. Mtafsiri aliyekuja na programu aliandika kitovu kwa kupima kutoka kwenye kigingi. Aliandika 100 na 100. Mashine yetu ilikuwa inapima kutoka pale kisu kilipo. Ikaenda milimita 100 upande mmoja na milimita 100 upande wa pili, ikaweka kitovu huko. Badala ya milimita 40, umbali wa kitovu ukawa milimita 141. Ndiyo maana duara lilitoka nje ya bamba.

Fundi wa Poland alituambia tuongeze neno moja mwanzoni mwa maagizo. Neno hilo ni G90.1. Linaiambia mashine, "Vitovu vyote vipimwe kutoka kwenye kigingi." Neno moja tu.

Mtu wa pili akaongeza shauri. Alisema, "Msikate chuma bado. Inueni kisu juu ya bamba, halafu iacheni mashine itembee hewani." Tulifanya hivyo. Kisu kilitembea hewani, kikapita mahali panapotakiwa. Ndipo tukakata. Tundu lilipopimwa lilikuwa milimita 90. Wanakijiji walichukua bamba lao siku ya pili yake, na pampu ikafanya kazi.

MALIPO YALIKUWA NINI?

Tulimwuliza fundi yule tumlipe nini. Hakutaka fedha. Aliandika kwamba tumlipe kwa kueleza matokeo pale pale tulipouliza, ili mwingine akija akute swali na jibu pamoja.

Ndugu msomaji, hilo ni jambo dogo, lakini watu wengi hawalifanyi. Nimesoma maswali mengi ya mafundi. Mtu anaeleza shida yake. Shida hiyo ni sawasawa na yako. Unasoma kwa hamu mpaka mwisho. Mwisho unakuta ameandika, "Nimeshapata, asanteni." Hakusema amepataje. Ni kama mtu aliyepita mlangoni, akafunga na kuondoka na ufunguo.

Sisi tuliandika yote. Tuliandika kosa, neno lililoongezwa, na kipimo kilichopatikana. Mwaka uliofuata mtu tusiyemjua aliandika chini yake kwamba alikuwa na shida hiyo hiyo, na kwamba ameifuata kazi yetu akafaulu.

Msaada wa mdomo ni kama ndoo ya maji. Unamfaa aliye na kiu siku ile. Msaada ulioandikwa ni kama kisima. Hata ukiwa umelala, watu wanachota.

ZAMU YANGU YA KUJIBU

Baadaye mimi pia nilianza kujibu. Kujibu kuna taratibu zake.

Siku moja kijana wa Kenya aliuliza kwa Kiswahili. Alikuwa na kisu cha kawaida cha milimita 10. Alitaka kujua kizunguke mara ngapi kwa dakika. Mtu mmoja akamjibu, "Mara 8,000." Kijana akashukuru.

Mimi nikamwuliza, "Unakata kitu gani?" Akasema chuma laini. Basi nikamwonyesha hesabu. Kwa kisu kama hicho na chuma laini, ukingo wa kisu unaweza kwenda mita 25 kwa dakika. Hiyo ni milimita 25,000. Mzingo wa kisu ni 10 mara 3.14, yaani milimita 31.4. Gawa 25,000 kwa 31.4. Unapata karibu 800. Tofauti kati ya 800 na 8,000 ni sifuri moja. Lakini kwenye chuma, sifuri hiyo inatosha kuunguza kisu kwa muda mfupi.

Je, yule wa kwanza alikuwa mwongo? Hapana. Alirudi na kueleza kwamba yeye ni seremala, na mashine yake inachonga mbao. Kwa mbao, mwendo mkubwa unafaa. Alijibu alichokijua katika kazi yake. Kijana hakusema anakata nini, naye aliyejibu hakumwuliza.

Tangu hapo nafuata mambo manne ninapojibu. Kwanza, nauliza kabla ya kujibu. Pili, naonyesha hesabu, ili mwingine aweze kunisahihisha. Tatu, nasema kama jambo hilo nimelifanya kwa mikono yangu au nimelisoma tu. Nne, nisipojua, nanyamaza au nasema sijui. Jibu la kubahatisha linaweza kumtoa mtu jicho.

Siku hizi zipo pia programu za kompyuta zinazojibu maswali kama mtu. Zinajibu upesi na kwa maneno mazuri. Nazo hukosea. Jibu lake lipimwe kama jibu la mtu mwingine yeyote. Tazama njia ya kisu, inua kisu, tembeza hewani, halafu ndipo ukate.

Lipo jambo la tano. Tusimcheke anayeuliza. Wapo mafundi wanaomjibu mwanafunzi kwa dharau. Wanamwambia, "Kasome kwanza." Mwanafunzi huyo harudi tena. Anakwenda kukata kwa kubahatisha. Wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima unajua jinsi kicheko kinavyoweza kumfukuza mtu darasani. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini ataulizaje akiwa anachekwa?

MZEE ALIYEPINGA

Sitaki ufikiri kwamba sote karakanani tunakubaliana. Mzee aliyenifundisha kazi alipinga. Aliniambia, "Mwanangu, ujuzi ndio shamba letu. Kwa nini unawagawia watu shamba bure? Kesho watachukua kazi zetu."

Nilimjibu, "Shikamoo zako nazikumbuka, mzee wangu, na mikono hii umeifundisha wewe. Lakini lile neno moja la bamba tulipewa bure."

Mzee hakukosa sababu. Mwaka 2024 karakana ya mji mwingine ilifuata maelezo niliyoandika kuhusu kuchonga puli. Baada ya miezi michache wao ndio waliopata kazi ya puli 40 ambayo sisi tulikuwa tunaitaka. Fedha hizo hatukuzipata. Mzee alinikumbusha jambo hilo mara nyingi.

Nimelifikiria sana. Hii ndiyo hesabu yangu. Katika mwaka mmoja tumepokea majibu mengi kuliko tuliyotoa. Kama kila aliyetusaidia angeogopa kama mzee, bamba lile tungeliharibu, na kijiji kingekaa bila maji. Tena mashine zilizosimama kwa kukosa vipuri ni nyingi kuliko mafundi. Karakana mbili haziwezi kuzimaliza, wala ishirini. Kwa hiyo naendelea kuandika.

Lakini nimekubali sehemu moja ya maneno ya mzee. Mchoro wa mteja ni mali ya mteja. Siutoi bila ruhusa yake. Ninapouliza, naonyesha ile sehemu yenye shida tu. Ujuzi wa kuchonga nitaugawa. Siri ya mtu mwingine si yangu kuigawa.

KISWAHILI KARAKANANI

Majibu mengi ya mafundi wa dunia yameandikwa kwa Kiingereza. Zipo programu za kutafsiri, lakini mara nyingi zinakosea maneno ya kazi. Kwa hiyo karakanani tuna daftari kubwa. Kila jibu lililotufaa tunaliandika humo kwa Kiswahili. Tunaandika tarehe, shida, sababu na dawa yake. Kijana mpya akija, anaanza kwa kusoma daftari. Mzee mwenyewe, ingawa anapinga mambo ya intaneti, ameandika kurasa kadhaa kuhusu kerezo. Anasema daftari ni la nyumbani. Mimi naona ni mwanzo mzuri.

Daftari halihitaji bando wala umeme. Wewe pia unaweza kuwa nalo.

MASHINE YAKO IKISIMAMA

Ndugu msomaji, mashine ya kusaga au pampu ya kijiji chenu ikiharibika, fanyeni haya kabla ya kwenda kwa fundi:

1. Andikeni jina la mashine na namba zilizo kwenye kibati chake.

2. Andikeni ilikuwa inafanya kazi gani ilipoharibika, na kama ilitoa sauti, moshi au harufu.

3. Andikeni ni kitu gani kilibadilishwa siku za karibuni. Je, ni mkanda, beringi, mafuta au bolti?

4. Pigeni picha kwa simu, na katika picha wekeni rula kando ya kipuri ili ukubwa uonekane.

5. Kusanyeni vipande vyote vilivyovunjika, hata vidogo, mvitie katika mfuko mmoja. Fundi hupima hapo.

6. Mkishatengenezewa, andikeni kilichotengenezwa, na tarehe, katika daftari la mashine. Daftari likae pale mashine ilipo.

Kama kijijini kuna kijana aliyejifunza ufundi, mwulizeni kwanza. Huenda jibu liko jirani. Kama hajui, yeye naye anaweza kuwauliza wenzake wa mbali, mradi mmempa maelezo kamili.

Wale wanakijiji wa bamba hawakuandika chochote, lakini walifanya jambo moja la maana sana. Walituletea vipande vyote saba katika mfuko wa sukari. Bila vipande hivyo tusingejua tundu lilikuwa na milimita ngapi. Basi kipuri kikivunjika, usikitupe.